Aliyeondoka na Mafaili

Mama Pacha aliibamiza barua juu ya kioo cha mashine ya fotokopi kwa kishindo, mpaka mteja aliyekuwa akisubiri nakala ya cheti chake akarudi nyuma hatua mbili.

"Isome," alisema. "Isome kwa sauti, na hawa wasikie."

Hawa walikuwa wanawake sita waliojazana mlangoni, wote waliowahi kushona sare katika kiwanda kimoja. Na mwenye kibanda, aliyekuwa akifuta miwani yake taratibu kwa pindo la blauzi, ndiye aliyekuwa mhasibu wao huko. Kiwandani walimwita Bi Miwani.

Barua ilitoka ofisi ya kodi. Ilidai kwamba kwa miaka tisa Mama Pacha hakulipa kodi ya mshahara hata senti. Alipe yote na faini juu, au aonyeshe slipu za mshahara kuthibitisha kwamba alikatwa.

Alikatwa! Kila mwisho wa mwezi alikatwa, tena bila huruma. Miaka tisa alishona kola mchana kutwa, mpaka vidole viwili vya mkono wa kulia vikagoma kunyooka. Na kila mwezi alipochungulia dirisha la uhasibu kuomba slipu, Bi Miwani alimjibu neno lilelile bila kuinua uso: "Hazijatoka."

Jumatatu alikuwa amekwenda kiwandani kuwaka. Bosi alimpokea kwa heshima ambayo hakumpa hata siku moja alipokuwa mfanyakazi wake. Akamvutia kiti.

"Dada yangu, mimi nimeumizwa kuliko nyinyi," alisema. "Yule mama wa uhasibu nilimfukuza. Aliondoka na mafaili yote ya mishahara. Muulizeni yeye slipu zenu ziko wapi."

Mama Pacha alitoka pale damu ikimchemka. Akapita mlango kwa mlango kuwakusanya wenzake, na leo, Jumanne, walikuwa hapa.

"Ni kweli uliondoka na mafaili?" aliuliza.

Bi Miwani alivaa miwani yake, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani kakwambia?"

"Jibu swali!"

"Ni kweli."

Kibanda kizima kililipuka. Mmoja alimwita nyoka, mwingine akamwita jina ambalo halisemeki mbele ya watoto. Mama Pacha aliipiga mashine kofi.

"Umekula jasho letu, ukafungulia duka mtaani kwetu! Mashine hii ni vidole vyangu hivi! Huna haya?"

Bi Miwani alitupa jicho barabarani, kisha akaishusha sauti. "Kule ofisi ya kodi umeitwa lini?"

"Alhamisi. Yanakuhusu nini?"

"Nenda. Usitume mtu, nenda mwenyewe. Mengine siwezi kuyasema hapa."

"Huwezi, utayasemaje na umeshikwa?"

Yule mama aliivua tena miwani yake, akaanza kuifuta upya. Mama Pacha aliona hivyo, na moyo wake ukazidi kuwa mgumu.

Hakuishia hapo. Jioni ileile aliwaongoza wenzake hadi kwa mwenye nyumba, aliyempangisha Bi Miwani kibanda na chumba cha nyuma yake.

"Leo kawaibia wenzake, kesho zamu yako," alimwambia. "Asipoondoka, tutashinda hapa mlangoni kwako kila siku, na wapangaji wako wote watatusikia."

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kupenda kodi yake ya pango na utulivu wake. Jumatano mchana vitu vya Bi Miwani vilikuwa nje: godoro, sufuria, mashine ya fotokopi imefungwa kamba juu ya mkokoteni. Wanawake saba walisimama ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, wakimtazama akihangaika na mafundo.

"Nenda ukawaibie wengine!" Mama Pacha alipaza sauti.

Mmoja alitema mate. Bi Miwani hakugeuka. Alipofika kona alisimama kidogo, akatoa simu kwenye mkoba, akaizima, akaendelea kusukuma.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu barua ifike, Mama Pacha alilala fofofo.

Alhamisi saa tatu alikuwa ofisi ya kodi, amejiandaa kwa vita. Afisa, mwanamke wa makamo, hakumpa nafasi ya kufoka. Alivuta boksi, akatoa bunda la karatasi.

"Slipu zako hizi hapa. Miaka tisa, hakuna mwezi unaokosekana. Na za wenzako wote zimo humu."

Mama Pacha alizishika kama anayeshika mtoto mchanga. Kila mwezi, kila makato, yameandikwa.

"Zimetoka wapi?"

"Kwa aliyekuwa mhasibu wenu. Bosi alimkataza kuwapa, halafu akamwamuru azichome. Yeye akazileta kwetu, ndipo akafukuzwa. Tulimwomba asimwambie mtu hadi leo, bosi asije akaharibu ushahidi."

Mama Pacha aliinua uso. "Kwa hiyo... deni si langu?"

"Halitakuwa lako, shauri likienda vizuri; barua ulitumiwa kwa sababu vitabu vya bosi mpaka sasa vinaonyesha hukukatwa. Bosi wenu anasema slipu hizi ni za kughushi, kwa hiyo lazima aliyeziandika aape mbele yake kwamba ni za kweli. Linasikilizwa leo saa nne, na halitaahirishwa tena." Afisa alitazama saa ya ukutani, halafu simu yake. "Tangu jana namtafuta, hapatikani. Asubuhi nimetuma mtu kibandani kwake, akakuta kitupu. Akaambiwa kuna watu walimfukuza, na hakuna ajuaye alikokwenda."

Akamwinamia Mama Pacha, kalamu mkononi.

"Wewe si unakaa mtaa uleule, mama? Hebu nisaidie, watu hao ni akina nani?"