Kizibo cha Jani la Mgomba

Pale stendi ya Bukoba kondakta alikuwa ametangaza kwa sauti: sigara ya umeme marufuku ndani ya basi. Jovita alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akalibana dumu lake katikati ya miguu.

Lakini sasa mvua ilikuwa imefunga madirisha yote, na mwanamume aliyeketi pembeni yake alikuwa akivuta ya kwake kwa kificho, kiganja kimeifunika. Moshi wake ulinukia ndizi mbivu, ukafunika harufu nyingine zote.

“Rubisi ya mama imeiva!” kondakta alitania kutoka mlangoni, na abiria wakacheka.

Jovita hakucheka. Dumu alikuwa ameliziba kwa jani la mgomba, kama watu wote wazibavyo rubisi, pombe ya ndizi, ili ipumue. Ndivyo alivyolipitisha stendi bila kuulizwa. Ndani mlikuwa na petroli ya pikipiki ya mwanawe kule Ngenge, nayo pia ilikuwa inapumua. Jani lilikuwa limelegea, na kila basi liliporuka shimo, tone liliteremka ubavuni mwa dumu hadi kwenye ndala yake. Vidole vya mguu vilikuwa baridi.

“Baba, zima hiyo,” alinong'ona.

“Haina moto, mama. Ni mvuke tu.”

Akisema ni petroli, watamshusha polisi.

Mwanamume akatazama chini. “Ee mama, rubisi yako inamwagika!” Akainama alikaze lile jani, sigara ameibana mdomoni, kitaa chake cha buluu kikiwaka.

“Si rubisi!” Jovita alipiga yowe.