Kibuyu cha Juu ya Mafiga

Mvua zilikuwa zimekaribia, na duka la mbegu lilikuwa bado limefungwa. Tangu asubuhi watu wa mji walikuwa wamekaa barazani pake, wakiutazama mlango.

Nyamizi na mumewe, Lugendo, walirudi nyumbani mara moja kunywa maji. Juu ya mafiga kilining'inia kibuyu ambamo marehemu mama yake Lugendo alihifadhi mbegu kwa moshi. Tangu mbegu za pakiti zianze kuuzwa, hakuna aliyekigusa. Sasa kilikuwa kikicheza chenyewe, mahindi yakigonga ndani.

"Panya huyo," Lugendo alisema. "Twende, tutanyang'anywa nafasi."

Nyamizi alikishusha, akamimina mbegu kiganjani. Zilikuwa nyeusi kwa masizi, na vuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Hebu shika," alimwambia mumewe.

Lugendo alishika. "Jiko hatujawasha tangu jana," alisema polepole, bila kuondoa mkono.

Jikoni kwa jirani nako kibuyu kilianza kugonga. Kisha kwa jirani wa pili, kisha mtaa mzima. Kule barazani watu walisikiliza, wakasimama mmoja mmoja, wakaupa mlango wa duka kisogo.