Fundo la Tatu

Nilivuta ndoano ya tatu kidogo tu, fundo likafumuka mkononi.

Baba alikuwa ndani anatafuta helmeti. Pikipiki alishaiwasha, inaunguruma uani. Aendeshe yeye kama kawaida, twende tukavue Mto Ruvuma. Ndoano zile, tatu nyuma ya kibati kinachozunguka majini, alizifunga mwenyewe jana. Tangu Pasaka anabisha kwamba macho yake ni mazima.

Nikafunga upya haraka haraka, nikakaza kwa meno. Mara nikasikia viatu vyake mlangoni.

Akauchukua mshipi, akapapasa mafundo kwa kidole gumba. La kwanza, la pili. Kwenye la tatu kidole kikasimama.

"Recho, hili si langu."



Akanivalisha helmeti, akapanda pikipiki, akakaa nyuma.