Fali ya Kuamkia Jumatano

Bi Mahlaqa, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alikuwa amejibanza kwenye pembe ya kichochoro, buibui limemfunika hadi machoni, ufunguo wa nyumba yake ameukanyaga. Hatingishiki. Ametega sikio.

Hatua chache nyuma yake, bintiye Farideh naye amejificha kwenye rundo la kuni, roho juu.

Mji mzima wa Kashan unayajua haya. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho kabla ya mwaka mpya wa Nairuzi, jua likishazama, mwenye jambo lake hutia nia kimoyomoyo, akasimama njiani juu ya ufunguo. Maneno ya kwanza atakayoyasikia kwa wapita njia ndiyo jibu lake. Nia yenyewe haambiwi mtu.

Lakini Farideh aambiwe nini tena? Mtaa mzima ulijua kwamba mzee Yadollah, mshona magodoro, alimposa mama yake tangu majani yanapukutika. Mama akajibu, "Nitafikiri." Jamani, mtu gani anafikiri mpaka baridi inakwisha!

Na mama alikuwa amebadilika. Alikwenda ziara Mashhad, akarudi kanawiri. Akaanza kununua nyama ya kushibisha watu wawili. Ukimuuliza, anasema ni ya paka. Halafu wiki hizi za karibuni kanuna, hasemeshwi, na nyama hanunui.

"Anataka kumkubali, ndiyo maana hana raha," Farideh alimwambia jirani yake, Zivar. "Wallahi sitaweza, shoga. Nimwone mwanamume mwingine kakalia mto wa marehemu baba yangu, pale pale kwenye samovari ya chai? Nitakufa mimi." Hakuwa akitania. Machozi yalimlengalenga.

"Niachie," Zivar akasema. "Nitapita wa kwanza, nitampa jibu la kumtosha."

Sasa Zivar haonekani, na badala yake anakuja bwana mmoja anasukuma pikipiki, simu sikioni, mdomo ndiyo kwanza anaufungua. Farideh akachomoka kwenye kuni, akamjaza zabibu kavu kinywani, gao zima.

"Sikukuu njema, kaka," akamnong'oneza. "Kula, kula!"

Yule bwana akapita anatafuna, macho yamemtoka.

Ndipo Zivar akatokea, mkono kiunoni, anafoka kwenye simu isiyo na mtu. "Nakwambia usifanye! Katika umri huo? Watu watakucheka hadi Isfahan! Tulia hapo hapo ulipo, dada, utakuja kujuta!"

Bi Mahlaqa akashtuka. Akauokota ufunguo wake, akaufuta vumbi, akashika njia ya nyumbani bila kugeuka.

Farideh alikata vichochoro mbio mbio hadi kwa mama yake. Mama alipoingia, alimkuta amekaa kitako anamenya lozi, kama mtu aliyekuwepo tangu adhuhuri.

"Mama, ulikuwa wapi na baridi hii?"

"Nilikwenda kupiga fali." Bi Mahlaqa akavua buibui, akakaa. Uso ulikuwa umelegea, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nilikuwa na jambo, mwanangu. Limeninyima usingizi."

"Na umeambiwaje?"

"Nisifanye. Nikifanya nitajuta."

Furaha ilimpanda Farideh hadi masikioni, akainamia lozi zake ili isionekane. "Basi usifanye, mama yangu."

"Lakini moyo wangu ulikuwa umeshakata shauri kabisa."

"Moyo nao! Fali ya leo haipingwi. Ukiipinga ni nuksi mwaka mzima."

"Kweli eti?"

"Haki ya Mungu tena."

Bi Mahlaqa akamtazama binti yake, akavuta pumzi ndefu, akacheka peke yake. "Na mimi nilidhani wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kunisukuma nifanye." Akamvuta, akambusu paji la uso. "Mungu akuweke."

Kisha akachukua simu.

"Yadollah? Fungasha magodoro yako urudi nyumbani. Ile talaka basi, siidai tena. Na leo hakuna cha mlango wa uani, Farideh yupo hapa na ameridhia mwenyewe. Ingilia mbele, kama mume wa mtu."