Zoezi la Dakika Kumi

Mzee alilia vizuri kuliko wagonjwa wote waliokuwa ukumbini. Wengine walijikamua machozi huku wakichungulia saa, na mwalimu mmoja kutoka Embu alishindwa kabisa, akacheka mpaka akatumwa nje akanawe uso. Huyu mzee machozi yalimtoka tu, wala hakujishughulisha kuyafuta.

Kinya alimwonea wivu kidogo, akajihurumia zaidi. Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya kuwasaidia watu wenye sonona, ugonjwa ambao kwao Nkubu huitwa uvivu au kurogwa, ikitegemea nani anaumwa. Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa nyuma wa kliniki moja pale Makutano. Zoezi la mwisho lilikuwa rahisi kulieleza. Nusu ya wanafunzi wajifanye wagonjwa, nusu wawe wahudumu. Dakika kumi. Usihubiri, usishauri, na usimwachilie mgonjwa kabla hajakutajia mtu atakayekaa naye siku hiyo.

Kinya alikuwa ameshafeli mara mbili wiki hiyo kwa sababu ya mdomo wake. Akifeli leo, anarudi nyumbani mikono mitupu, na kijiji kizima kinabaki bila hata mtu mmoja anayejua kuuliza.

Mwenzake wa zoezi, Ilhan, hakuwa amefika. Asubuhi hiyo kundi jingine kutoka Nyambene lilikuwa limeunganishwa nao, sura ngeni tele. Kwa hiyo mzee alipochungulia mlangoni, mkufunzi wao, Madam Phyllis, alimtupia jicho moja tu, akarudi kwa karatasi zake.

"Umechelewa, mzee. Kaa pale kwa Kinya."

Mzee alikaa. Akatazama meza zote, watu wawili wawili, mmoja analia na mwingine anasikiliza.

"Kumbe tuko wengi hivi," alisema.

"Arobaini na wawili," Kinya akamjibu. "Karibu, baba. Unaitwa nani?"

"Kinoti, wa huko Laare, Nyambene. Wewe ndio daktari?"

Ameingia kazini moja kwa moja, Kinya akawaza, hata kusalimiana hataki. "Mimi ni mhudumu. Yenye utasema hapa yatabaki hapa." Sentensi hiyo peke yake ilikuwa na maksi mbili.

"Miraa yangu imepita wakati wa kuchumwa," mzee alisema. "Wiki tatu sijachuma. Majirani wanafikiria nangojea bei ipande. Mimi hata sijui bei ni ngapi. Naamka, nakaa kwa kitanda, naangalia viatu. Saa sita inafika, bado naviangalia."

Kinya aliuliza maswali yake kwa mpangilio aliofundishwa. Usingizi? Hakuna. Chakula? "Nakula ndio bibi yangu asilie." Kisha lile swali ambalo kila mtu darasani alilitamka kwa haraka haraka: amewahi kuona heri asingekuwepo?

Mzee aliinamia viatu vyake.

"Jana," alisema. "Na leo nikikuja."

Maneno yote aliyokatazwa yalimjia mdomoni kwa pamoja. Jipe moyo, baba. Omba Mungu. Una watoto. Akayameza. Alitamani kumshika mkono lakini hakukumbuka kama inaruhusiwa. Aliona uchungu, tena akaona haya. Ikiwa mchezo tu unamshinda hivi, siku mgonjwa wa kweli atakapoketi mbele yake atafanya nini?

Madam Phyllis alikuwa amesimama nyuma yake, kalamu mkononi.

"Baba," Kinya akasema polepole, "leo ni nani anaweza kukaa na wewe, usiwe peke yako?"

Mzee alifungua mdomo. Kengele ikalia.

"Time! Badilishaneni!" Madam Phyllis akapaza sauti. Ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko. Waliokuwa wakilia walijifuta nyuso wakapigana mabega, na yule mwalimu wa Embu akainama kama mtu aliye jukwaani. Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Tunabadilishana nini?" aliuliza.

"Ni zamu yako kuniuliza, baba. Sasa mimi ndio nitalia." Kinya naye alicheka, maana ndiyo kwanza apate kupumua.

"Na nyinyi wengine muangalie huyu mzee wetu wa Nyambene!" Madam Phyllis alisema. "Hivyo ndivyo mgonjwa anaongea, si hiyo komedi yenu. Mpigieni makofi ya kilo!"

Wakampigia. Mzee aliinuka, akasimama katikati ya makofi yale bila kujua aelekee upande gani. Mwishoni akasema, "Asanteni," akatoka taratibu. Kinya alidhani ameenda kunywa chai.

"Hakujibu swali la mwisho, madam."

"Usijali, ni kengele ilikukata." Madam Phyllis akamwandikia ishirini na saba kwa thelathini.

Kinya alikuwa bado anaitazama alama hiyo, haamini, muuguzi wa kliniki alipoingia akihema. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja mwenye sweta, kadi mpya ya kliniki mkononi.

"Samahani, madam. Huyu mama alikuwa kwa laini ya kadi, askari wa geti akamwelekeza mzee wake huku kimakosa. Daktari anamngojea."

"Nimembembeleza miezi mitatu," mama akasema, macho yakizunguka kutoka meza hadi meza. "Alikubali aongee na mtu mara moja. Mara moja tu."