Chupa Chini ya Nyavu

Chupa ilikuwa palepale, imejaa hadi shingoni. Straton aliitoa chini ya nyavu kuukuu, akafunga mlango wa kibanda, akamwomba Mungu aangalie upande wa Goma kidogo.

Ilikuwa siku ya hamsini na moja tangu aape kanisani Nyamyumba kwamba yeye na kanyanga, ile pombe kali ya magendo, basi. Mkewe, Illuminée, alisimama kando yake na kuongeza kiapo chake mwenyewe: "Ukirudilia, mi narudi kwetu Kanama na batoto."

Chupa hii aliificha siku ileile. Ya kujipima nguvu, alijiambia. Mlevi hakosi maelezo.

Asubuhi hiyo mtumbwi ulirudi na sambaza, vidagaa vya ziwani, wa kujaza kofia tu. Callixte, mwenzake wa majini, alimcheka mbele ya wachuuzi: "Ee pasta, si ubariki samaki baongezeke!" Miguu ya Straton ikajua njia ya kibandani.

Akainua chupa. Akapiga funda moja kubwa, akafumba macho kungoja moto.

Maji.

Akaonja tena. Maji matupu, ya ziwani.

Aliyeingia kibandani humo ni Illuminée tu, kuanika nyavu. Straton akaketi juu ya nyavu hizo, akalia. Kumbe alijua! Akajaza maji, asimfokee wala asifungashe nguo. Mwanamke yuleyule aliyemmiminia kila jioni kwa miaka kumi na mmoja, akionja kwanza, kama desturi inavyomtaka anayemimina, ili mnywaji ajue hakuna sumu. Mwanzoni uso ulikuwa ukimkunjamana, na Straton akicheka hadi machozi. Baadaye uso ukaacha kukunjamana, na Straton hakuona tena cha kumchekesha.

Alimkuta mlangoni mwa nyumba yao akimenya viazi, anatafuna tangawizi. Siku hizi haimtoki mdomoni. Dawa ya kifua, alisema.

Straton akapiga magoti kwenye maganda.

"Mama Mwiza, unisamehe. Leo nimeanguka. Nimekunywa ile chupa, nikakuta maji. Ungeweza kuondoka, bon, nilistahili. Lakini ukaimwaga kanyanga yote kimyakimya, ukaniokoa."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi. Illuminée hakuinua uso.

"Baba Mwiza," akasema, "mi sikuimwaga."