Mrashi wa Bi Zuwena

"Fundi kafa, unampelekea nani?" Bi Shawana aliziba uchochoro mzima. "Huyo mjane atauyeyusha afanye bangili!"

"Na auyeyushe, lakini nitamwuliza kwanza!" alijibu jirani yake, Bi Zuwena, amekumbatia mrashi wa fedha uliovunjika shingo. Kesho mwanawe anaolewa, na harusi zote za kwao wageni hunyunyiziwa marashi kwa mrashi huo. Masonara wa sokoni walitaka kuupima kwa mizani tu, wauyeyushe.

Mjane, Bi Mwanaidi, alisikia yote. Akaufungua mlango wa karakana uliofungwa muda wote wa eda yake iliyokwisha.

"Aliyekufa ni mume wangu," alisema. "Yeye alipokea wateja. Kufua fedha na kuunga ni mimi, nyuma ya pazia."

Bi Shawana akabetua mdomo. "Nani alikuona?"

"Wewe hukuniona, lakini kazi yangu unaijua." Mwanaidi aliupindua mrashi, akapitisha ukucha kwenye kitako. "Uliuazima, shoga, ukauvunja hapa, ukauleta kwetu umeuficha ndani ya kanga. Zuwena kausugua miaka kumi, hajaona alama."

Zuwena aliuinua juani, akatafuta. Hakuona kitu. Akamtazama Shawana, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Fundi," akasema, "nautaka kabla ya magharibi."

Mwanaidi akaling'oa pazia, akawasha mkaa mlango wazi, mtaa mzima unamwona.

"Na wewe Shawana," Mwanaidi aliita, "usinisimamie hapo kama mgeni. Muhogo wa nazi umeiva. Ingia tule."

Shawana akasogea kizingitini, akavua kiatu kimoja.